Mume Wangu Hataki Tuingie Pamoja Nyuma ya Pazia la Kura

Mpendwa Shangazi Filloreta,

Nijibu kabla ya Jumapili nakuomba, maana gazeti lenu hutufikia Alhamisi na Jumapili ndiyo siku ya kumchagua meya, na nisipopata neno lako kabla ya hapo naogopa nitafanya jambo la kunitoa katika nyumba ninayoipenda kuliko nyumba nyingine yoyote duniani.

Kwanza ujue kwamba nina furaha. Usinisome kama wale wanaokuandikia huku wamevimba jicho. Niliolewa vuli iliyopita, wakati wa kuvuna zabibu, na mume wangu Ermal ni mwanaume ambaye akicheka unadhani chumba kimeongezwa dirisha, ana mikono mikubwa inayonukia sabuni kwa sababu kazi yake ni kuosha magari na mazulia hapo barabarani mbele ya nyumba yetu, na asubuhi akifungua mpira wa maji huanza kuimba, nami nikiwa jikoni nikiisikia ile sauti naacha maziwa yachemke yamwagike na mama mkwe anasema, "Mwanangu, umelibatiza jiko kwa maziwa tena," lakini anasema huku anatabasamu. Nilimaliza sekondari kule kwetu Lushnje, nilisoma hadithi za mapenzi nyingi kuliko hesabu, na bado sikujua kwamba mtu anaweza kuwa ameshaolewa na moyo ukaendelea kumpaa kila mumewe anapopita na ndoo.

Sasa mwiba wenyewe. Mwiba unaitwa Rezarta. Huyu Rezarta alikuwa mchumba wa Ermal kabla yangu, pete zilivishwa, familia zilikunywa kahawa pamoja, kisha yeye akaenda Tirana kusomea sheria na uchumba ukafa, nani alimwacha nani kila mtu hapa ana hadithi yake na mimi nimezisikia zote. Sasa amerudi, na hakurudi kimya kama watu wengine wanavyorudi, amerudi kugombea umeya! Bango lake limebandikwa kwenye nguzo ya umeme iliyotazamana na dirisha langu la jikoni, kwa hiyo nikiosha vyombo ananitazama, nikikanda unga wa mkate wa byrek ananitazama, nikila kipande cha jibini kabla ya chakula ananitazama, na ana meno mazuri, Shangazi, sitakudanganya, na chini ya hayo meno wameandika "Rezarta, mmoja wetu," nami kila siku najiuliza, mmoja wetu na nani?

Majuzi upepo ulibandua kona ya lile bango likawa linapigapiga, na kwa macho yangu haya nilimwona mume wangu anaacha gari lenye povu, anaenda pale, anaipapasa ile kona kwa kiganja mpaka ikashika. Nilitoka na taulo begani.

"Umemfunika vizuri asipate baridi?" nikamwuliza.

"Linapiga kelele, linaniudhi nikifanya kazi."

"Si ungelibandua lote."

"Ni la mtu, roho yangu, siyo langu."

Moyoni nilikuwa nimeshalichana vipande na kuwasha nalo jiko.

Halafu likaja lile la gari. Rezarta huzunguka vijiji vya juu kwenye kampeni, na vumbi la huko unalijua, basi siku moja akaleta gari lake kuoshwa, na mji mzima una sehemu za kuoshea magari kila kona lakini akaja hapa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mazulia tuliyoyatundika yakauke. Sikujificha, nilikuwa nageuza zulia, ila niligeuza lile lile moja muda wote waliokuwa wanazungumza.

"Enhe, Ermal," akasema, sauti yake hata haihitaji kipaza sauti, "kura yako niihesabu au nisiihesabu?"

"Wewe hesabu vijiji. Kura yangu iache mpaka Jumapili."

"Bado una ubishi ule ule!"

"Na wewe bado unaegesha gari vibaya."

Wakacheka. Wote wawili! Nikasikia kile kicheko chenye dirisha, kicheko changu, kinatoka kwa ajili ya mtu mwingine, nami nikaegemea lile zulia bichi mpaka gauni likalowa, na jioni Ermal aliponiuliza kwa nini nimelowa nikasema nilikuwa naosha baraza.

Sikuweza kuvumilia. Nikamtengea pilipili za kuchoma anazozipenda, nikakaa pembeni yake, nikamwuliza kwa upole wote nilio nao.

"Mpenzi, Jumapili unamchagua nani?"

"Siri."

"Siri gani kati ya mtu na mkewe?"

"Hiyo hiyo moja. Zingine zote unazo." Akatafuna. "Katiba imesema kura ni ya siri."

"Na hiyo Katiba ilikuwepo kwenye harusi yetu? Sikuiona ikicheza!"

Alicheka mpaka akapaliwa na pilipili, nikampigapiga mgongoni, nikacheka na mimi maana akicheka siwezi kununa, lakini kitandani na mezani na kwenye baraza nimeendelea kuwaza jambo moja tu, kwamba mwanaume ambaye hamchagui mchumba wake wa zamani angesema tu, "Simchagui," na mambo yakaisha.

Ndipo nikapata wazo zuri, na lilitokana na desturi ya nyumba hii. Hapa kwetu siku ya kura familia huenda pamoja kama tunavyokwenda harusini. Baba mkwe, mzee Sefedin, hukusanya vitambulisho vya nyumba nzima mapema na kuviweka mfuko wa ndani wa koti lake ili kisipotee hata kimoja, na kituoni huingia na mama mkwe nyuma ya pazia, anamwonyesha pa kuweka alama, wanatoka pamoja, na imekuwa hivyo miaka yote na hakuna anayelalamika, majirani nao ni hivyo hivyo. Mwaka huu ameniambia, "Binti, na wewe nitaingia nawe, usihangaike, wewe mgeni wa mambo ya hapa," na nilijisikia vizuri sana, Shangazi, nilijiona nimeshakuwa mtoto wa nyumba kweli. Mimi siasa sizijui. Nakumbuka Rezarta alipokuja sokoni akasema maji yanatoka asubuhi tu kwa sababu bomba kuu limeoza na akaeleza litabadilishwa wapi kwanza na wapi baadaye, nilijikuta napiga makofi, maana mimi ndiye ninayejaza ndoo alfajiri na maji ya kisima cha Ermal cha kuoshea magari hayafai kupikia, kisha nikakumbuka ni nani anayezungumza nikaificha mikono yangu kwenye aproni. Lakini hilo si la maana. Baba mkwe ameshaamua nyumba yetu inampa kura meya wa sasa, na mimi sina neno.

Wazo langu lilikuwa hili: ikiwa baba anaingia na mama, basi mimi niingie na Ermal! Wawili nyuma ya pazia moja, kalamu moja, nione kwa macho yangu alama inaangukia wapi, nilale kwa amani. Hata niliona ni jambo la kimapenzi.

Nikalisema mezani, Jumapili iliyopita, wote tumekaa kwenye chakula cha mchana, nikidhani Ermal atafurahi. Akaweka uma chini. Hakunitazama mimi, alimtazama baba yake.

"Baba, wiki ijayo hakuna atakayeingia na mke wangu nyuma ya lile pazia. Si wewe, wala si mimi."

Mzee Sefedin alikuwa ameshika glasi ya raki, akairudisha mezani bila kunywa. "Umeanza lini kunifundisha nyumba yangu?"

"Sifundishi nyumba. Nasema pazia."

"Kwa hiyo mimi namnyang'anya mtu kitu, ndivyo unavyosema? Mama yako nimemnyang'anya nini?"

Ndipo mama mkwe, ambaye mezani husema "ongezeni chumvi" na "kuleni" basi, akasema huku anatazama sahani yake, "Mimi ile karatasi sijawahi kuisoma. Naona mkono wako tu, Sefedin."

Mzee akainuka akaenda kwenye mizabibu yake. Byrek ikapoa. Na mimi, Shangazi, katika hayo yote nilisikia maneno matatu tu: wala si mimi. Hataki niwe naye. Anataka kubaki peke yake, yeye na jina la Rezarta, nyuma ya pazia, na mimi mkewe nisimame nje kama mtu anayengoja basi.

Jana nikamwambia, na sasa nakwambia na wewe ingawa naona haya kidogo. Nikamwambia, "Kama unanipenda, ingia na simu, ipige picha karatasi yako ukishaweka alama, uniletee. Usipoileta, Jumapili ile ile narudi kwa mama Lushnje." Nilitegemea atabisha, atanitania, atanivuta kiunoni kama kawaida yake. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Hata wewe?" Sikuelewa ana maana gani. Leo asubuhi amefungua mpira wa maji na hakuimba.

Naomba uniambie, Shangazi yangu: nishikilie ile picha mpaka aitoe, au nifunge mizigo? Maana bibi harusi akirudi kwao kabla hata hajazaa unajua watu watasema nini, na kumwacha siwezi, nampenda mpaka visigino vinaniuma, lakini kukaa na mwanaume ambaye ana chumba kimoja moyoni asichonifungulia nako siwezi.

Wako mwenye furaha na wivu kwa pamoja,
Bibi harusi wa nyumba iliyotazamana na bango

*

Bibi harusi,

Majina yote nimeyabadilisha, mji sijautaja, kwa sababu baba mkwe wako anaonekana ni msomaji wa magazeti na nataka uendelee kuishi hapo. Maana huondoki. Huo mzigo ufungue.

Pole. Naanza na pole kwa sababu wivu unauma kweli, na kuosha vyombo mbele ya meno ya mchumba wa zamani wa mumeo ni adhabu nisiyomtakia mtu. Weka pazia kwenye dirisha la jikoni. Pole zimeishia hapo, sasa nakukemea.

Umemtaka mumeo apige picha karatasi ya kura. Unajua ni nani mwingine katika nchi hii anayetaka picha hiyo? Bosi anayemtishia mfanyakazi wake. Mnunuzi wa kura anayengoja nje ya kituo na bahasha. Sheria inakataza kabisa, na kama mumeo angekutii wangemtoa kituoni na kesi juu. Ndiyo maana alisema, "Hata wewe?" Inaelekea wengine wameshamwomba, na amewakatalia wote, na alidhani nyumbani angepumzika. Halafu unashangaa haimbi!

Ulikuwa nyuma ya zulia ukasikia kila kitu isipokuwa jibu. Soma tena barua yako mwenyewe. Rezarta alimwuliza kuhusu kura yake, akamwambia iache mpaka Jumapili. Ukamwuliza wewe, akakwambia siri. Yule mwanamke hakuambiwa chochote zaidi ya ulichoambiwa wewe. Kucheka walicheka, ndiyo. Watu waliojuana hucheka, na aliyemcheka kwa uegeshaji wake wa gari si mtu anayemlilia. Baada ya kicheko yeye aliondoka na gari safi, na Ermal akaja kuuliza kwa nini gauni lako limelowa. Mtu ambaye moyo wake umekwenda na gari asingeona gauni.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoniondolea usingizi, nalo si Rezarta, wala si Ermal. Umejaza kurasa nne ukililia kura ya mumeo, na kura yako umeitaja kwa mistari michache, ukasema "si la maana". Kitambulisho chako kiko wapi, binti? Kiko kwenye koti la mtu. Kalamu yako itashikwa na nani? Na mtu yule yule. Umempigia makofi mgombea kwa sababu wewe ndiye unayebeba ndoo, kisha ukayaficha makofi yako kwenye aproni. Na unaniuliza nani ana chumba kilichofungwa!

Katiba ya Albania, kifungu cha arobaini na tano, nenda kakisome, ni kifupi. Kinasema kura ni ya mtu binafsi, ni sawa kwa wote, ni huru na ni ya siri. Hakikusema ni ya nyumba. Hakikusema ni ya mume, wala ya baba mkwe, hata awe mzee mwema kiasi gani, na nadhani Sefedin ni mwema, anakupenda, na anachokifanya ni kosa vile vile. Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga enzi za chama kimoja. Kibanda kilikuwepo, lakini aliyeingia humo alikuwa anatazamwa kana kwamba ana la kuficha, basi tulitumbukiza karatasi mbele ya watu tukatabasamu. Mama mkwe wako ni wa rika langu. Alitoka mkono wa chama akaingia mkono wa mumewe, na mpaka leo hajaisoma ile karatasi. Alilisema hilo mezani mbele ya watu wote, mwanamke ambaye husema "ongezeni chumvi" basi, na wewe ulisikia maneno matatu ya mumeo tu.

Na hayo maneno matatu hukuyaelewa. Mumeo aligombana na baba yake, mezani, siku ya Jumapili, jambo ambalo mwanaume wa kwenu halifanyi kwa mchezo, na aligombania nini? Kura yako wewe. Alisema "wala si mimi" kwa sababu kama angemzuia baba kisha akaingia yeye, angekuwa amebadilisha mkono tu. Amejizuia na yeye mwenyewe. Wewe uliyesoma hadithi zote hizo za mapenzi, umeonyeshwa moja ya kweli mbele ya sahani yako, ukaiangalia ukaona bango.

Basi sikiliza utakavyofanya.

Leo hii, kabla hajafunga mpira wa maji, nenda ukamwambie, "Ile picha siitaki." Usiongeze maelezo mengi, utaharibu. Kisha kwa baba mkwe, wakati amekunywa kahawa yake na yuko kwenye mizabibu anapojisikia vizuri, umwombe kitambulisho chako kwa adabu zote: "Baba, naomba kitambulisho changu nikishike mwenyewe." Akiuliza kwa nini, mwambie unataka kujifunza mambo ya hapa, si alisema wewe ni mgeni? Akikataa, mwambie mumeo, hiyo kazi ameshaianza. Omba na cha mama mkwe.

Jumapili nendeni wote pamoja, vaeni vizuri, hiyo desturi ni nzuri na sina ugomvi nayo mpaka mlangoni. Mkifika kwenye pazia, mtangulize mama. Mzee akimfuata, wewe useme kwa sauti ya kusikika, "Baba, tusubiri hapa," na msimamizi wa kituo ana wajibu wa kumzuia, na kama anajifanya haoni kwa sababu ni jirani, mkumbushe. Mwache mama akae humo hata akichelewesha foleni. Ana miaka mingi ya kusoma.

Halafu uingie wewe. Peke yako. Humo ndani hakuna mke, hakuna bibi harusi, hakuna mchumba wa zamani, kuna ndoo zako za alfajiri na majina kwenye karatasi. Utaona jinsi wivu unavyokuwa mdogo mahali ambapo hakuna wa kumwonyesha. Weka alama, kunja, tumbukiza, toka nje umshike mkono mumeo.

Akikuuliza umemchagua nani, mwambie siri. Na kama utakuwa umemchagua yule mwenye meno mazuri kwa ajili ya maji, hatajua Ermal, hatajua Sefedin, hatajua Rezarta mwenyewe, na mimi Filloreta sitakuuliza kamwe.